Msomaji wa Igunga ana akili zake

Mwandishi mmoja amedai katika safu yake kwamba riwaya za jalada laini, za upelelezi na mapenzi, zimewaharibu wasomaji, na kwamba maoni yao hayana uzito. Nakataa kabisa.

Hapa Igunga, mji wa pamba katika barabara ya Singida kwenda Nzega, wasomaji hao hubishana kwa hoja. Mmoja humsifu mpelelezi Willy Gamba wa riwaya za Elvis Musiba kwa kasi yake. Mwingine humtetea Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, anayetangulia kufikiri. Huo ni uhakiki, hata kama haukuandikwa chuoni. Na Mzimu wa Watu wa Kale, kisa cha Bwana Msa cha mwaka 1960, kilishinda shindano la uandishi kabla ya kuchapishwa.

Tena hukumu za wakubwa zimewahi kupotoka. Riwaya ya Kezilahabi, Rosa Mistika, ya mwaka 1971, ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikafundishwa humohumo.

Mwandishi huyo wa safu anataka watu wasome riwaya ya Kuli ya Adam Shafi. Nami nataka, kwa moyo wote. Basi wachapishaji waipunguze bei, waifikishe stendi ya Igunga, kisha wamuulize msomaji ameionaje.