Salfa Itoke Pamoja na Barakoa

Msimu wa kupulizia ukianza Mtwara na Lindi, mashine huwashwa alfajiri mikoroshoni. Upepo umetulia, umande haujakauka, na unga wa salfa hushika vizuri kwenye maua na kuyakinga na ubwiri unga. Wakulima wanaijua kazi hii. Asiyeangaliwa ni kijana aliyeibeba mashine mgongoni, kitambaa puani, macho wazi, akitembea ndani ya vumbi analolipuliza mwenyewe.

Serikali imekuwa ikitoa salfa ya ruzuku kwa wakulima wa korosho, nasi tunaiunga mkono. Lakini chama cha msingi kinachogawa salfa kigawe pia barakoa zenye chujio, miwani inayoziba pande zote na glavu za mpira, na gharama yake iwe ndani ya bajeti hiyohiyo ya pembejeo.

Wapo wanaosema salfa si sumu. Ni kweli haiui haraka kama viuatilifu vingine, ila huwasha macho na ngozi, hubana kifua, na mwenye pumu huumia zaidi. Kitambaa hakizuii vumbi laini namna ile. Tena salfa hushika moto, nayo inapulizwa na injini ya petroli. Anayejaza mafuta injini ikiwa bado ya moto, mifuko ya salfa ikiwa miguuni pake, anacheza na maisha yake. Azime mashine, aisubiri ipoe, ajaze mafuta mbali na mifuko. Salfa ikiungua hutoa gesi inayokaba pumzi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye dawa za maji, zile za kuua mbu wa mikorosho na wadudu wengine. Wengi huanza kujihadhari wakati wa kupulizia, kumbe saa mbaya kuliko zote ni ya kuchanganya, dawa ikiwa bado kali na haijatiwa maji. Tone moja la dawa hiyo mkononi lina sumu nyingi kuliko matone mengi ya iliyokwisha kuchanganywa. Na ngozi hunywa. Bomba linalovuja mgongoni huloanisha shati asubuhi nzima, na mwenye shati huona ni jasho tu. Nozeli ikiziba, huwekwa mdomoni na kupulizwa. Hilo likome leo: maji safi na brashi laini vinatosha.

Yupo na fundi, ambaye hakuna semina inayomkumbuka. Analetewa mashine ambayo haikuoshwa, anafungua tangi na mipira kwa mikono mitupu, kisha anakula chakula chake palepale kibandani. Mashine isipelekwe kwa fundi kabla ya kusafishwa, na maji ya kuisafishia yamwagwe shambani, si kisimani wala mtoni.

Na maziwa? Kuyanywa baada ya kazi hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia kwenye ngozi au mapafu. Kinachosaidia ni kuoga kwa sabuni mara moja na kufua nguo za kazi peke yake. Anayetapika, kutetemeka au kuona ukungu machoni apelekwe hospitali, na chupa ya dawa iende naye ili daktari asome kibandiko.

Hatukubali lawama zote abebe kijana wa kupulizia. Yeye ni kibarua, na kipato chake ni kidogo. Anayemkodishia mkulima mashine amkodishie na vifaa vya kinga. Akishindwa, mashine yake isiingie shambani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ikikagua maduka ya dawa, iulize pia kama glavu na barakoa zinauzwa hapo, na kwa bei gani.

Kwa Bodi ya Korosho tuna ombi moja mahususi: orodha ya pembejeo za msimu ujao ikitangazwa, itaje idadi ya barakoa kwa kila chama, kama inavyotaja mifuko ya salfa.