Mtoto wa Jirani Asiitwe Mwizi kwa Dhana

Fedha au simu ikipotea nyumbani siku aliyokuja kucheza rafiki wa mtoto wetu, haraka tuliyonayo ya kumtaja mtoto wa watu ni jambo la kusikitisha. Kabati halijapekuliwa mara ya pili, majirani wamekwisha kuambiwa. Na wapo wanaotishia kumsomea Halbadiri mtoto wa miaka 9! Katika visiwa hivi, ambako skuli, chuo na uwanja wa mpira ni vya watoto wale wale, mtoto aliyeitwa mwizi Jumatatu hana pa kukimbilia Jumanne.

Hatusemi wizi ufichwe. Nyumba ipekuliwe kwanza, aulizwe kwa upole mtoto wetu mwenyewe (mara nyengine ndiye aliyekitoa kitu, kwa kutaka kupendwa), kisha aendewe mzazi mwenzetu faraghani: "Dada, kimetupotea kitu, tusaidiane kuwauliza watoto." Mzazi aliyeombwa msaada hutafuta. Aliyeshitakiwa hugombana.

Kwa masheha na walimu tuna neno. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka mtoto anayeshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vyenginevyo. Kumwaga mkoba wake mbele ya darasa, au kumsimamisha kwa sheha aungame mbele ya watu, ni kumhukumu kabla ya ushahidi. Anayeleta mashitaka ya namna hii aulizwe kama amekwisha kuonana na wazazi. Kama bado, arejeshwe akaonane nao.