Ekra pana au ya mraba: kijana asitupe dola zake kwa kufuata mtindo

Katika miji ya Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, chumba cha michezo ya video ni kazi kamili kwa vijana wengi. Mtu ananunua ekra mbili na PlayStation ya okazi, anafungua mlango kando ya barabara, na wateja wanalipa kwa kila mechi. Pesa ya kuanzia hutoka mara nyingi kwenye likirimba, kwa ndugu aliye Ulaya, ama kwa mama aliyeuza bidhaa zake sokoni. Kwa hiyo ekra iliyochaguliwa vibaya si jambo dogo. Ni mtaji wa familia uliokwama.

Sokoni kuna aina mbili kubwa. Kuna ekra za zamani, zile ambazo watu huziita za mraba, ingawa si mraba kamili: upana na urefu wake ni 4 kwa 3 au 5 kwa 4. Zilitoka katika ofisi za Ulaya, na nyingi kati yake zina pikseli 1024 kwa 768 au 1280 kwa 1024. Kisha kuna ekra pana, za 16 kwa 9, zenye pikseli 1366 kwa 768, 1600 kwa 900 ama 1920 kwa 1080. Wauzaji husema moja kwa moja kwamba pana ndiyo ya kisasa, na ya mraba ni takataka. Jibu hilo ni fupi mno kwa mtu anayetoa dola zake.

Mtego wa kwanza ni kipimo. Ekra hupimwa kwa inchi, ambazo wengi kwetu huziita pouces, kutoka kona moja hadi kona ya pili kwa mshazari. Ekra mbili zinaweza kuandikwa inchi 19 na zisiwe na ukubwa sawa. Ile ya 5 kwa 4 ina karibu sentimita 38 kwa 30. Ile pana ina karibu sentimita 42 kwa 24. Ukizidisha, ile pana ina eneo dogo zaidi kwa karibu asilimia 12. Anayelipa zaidi akidhani anapata picha kubwa anaweza kurudi nyumbani na picha fupi kuliko ile aliyoiacha dukani.

Je, ina maana ekra ya mraba ndiyo bora? Kwa chumba cha mpira, hapana. PlayStation 3 ya mwaka 2006 na PlayStation 4 ya mwaka 2013 zilitengenezwa kwa televisheni pana. Ukiweka picha hiyo ya 16 kwa 9 kwenye ekra ya 1280 kwa 1024, unapata njia mbili tu. Ya kwanza ni mistari myeusi juu na chini: picha inatumia mistari 720 kati ya 1024, na karibu asilimia 30 ya ekra uliyolipia inabaki giza. Ya pili ni kubana picha: wachezaji wanakuwa wembamba na mpira unakuwa kama yai. Mteja aliyezoea kuona winga akikimbia upande wa pili wa uwanja hatakubali kulipa hapo mara mbili.

Tena kuna suala la kebo. PlayStation 4 inatoa picha kwa HDMI peke yake, na ekra nyingi za zamani zina tundu la VGA tu. Inabidi kununua kifaa cha kubadilisha, na VGA haibebi sauti, kwa hiyo spika pia zinahitajika pembeni. Ukijumlisha yote hayo, ekra ya bei ndogo haibaki ya bei ndogo.

Kwa mwenye ordinateri hesabu ni nyingine. Kila picha inayoonekana, kadi ya grafiki inaichora pikseli kwa pikseli, mara nyingi kwa sekunde. Ekra ya 1024 kwa 768 ina pikseli karibu 786,000. Ile ya 1366 kwa 768 inapita kidogo milioni 1. Ile ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni 2. Maana yake, ordinateri ya zamani isiyo na kadi ya grafiki ya nguvu, ikifungwa kwenye ekra ya 1920 kwa 1080, inapewa kazi karibu mara mbili ya ile ya 1366 kwa 768. Mchezo unaanza kukwama, na kijana analaumu mashine ambayo jana ilikuwa inacheza vizuri.

Wengine watasema: si unaweza kupunguza rezolusio ndani ya mchezo? Ndiyo, inawezekana. Lakini ekra bapa zina idadi yao ya pikseli iliyowekwa kiwandani. Ukizipa picha ya idadi nyingine, zinalazimika kuinyoosha, na maandishi yanakuwa na ukungu. Ekra za zamani za kioo kizito, zenye mgongo mrefu, hazikuwa na shida hiyo sana. Ndiyo maana ni busara kununua ekra ambayo mashine yako inaweza kuilisha, badala ya kununua kubwa halafu kuibana kila siku.

Kwa wapenzi wa Counter-Strike kuna hoja inayorudi kila mara: wachezaji wengi wakubwa wa mashindano wanatumia 1280 kwa 960, kipimo cha 4 kwa 3, kwa hiyo ekra ya mraba inatosha. Hoja hiyo inasahau jambo moja. Wachezaji hao wana ekra pana na za haraka sana, na wanachagua wenyewe kunyoosha picha ya 4 kwa 3 juu yake ili adui aonekane mnene. Wanajua wanachopoteza: katika mchezo huo, 4 kwa 3 inaonyesha nyuzi 90 za mbele yako, na 16 kwa 9 inaonyesha karibu 106. Adui aliyejificha pembeni anaonekana kwa mmoja na haonekani kwa mwingine. Mwenye ekra ya mraba hana uchaguzi huo.

Hata hivyo, ekra ya mraba isidharauliwe nyumbani. Mwanafunzi anayeandika kazi ya chuo mchana na kucheza michezo ya zamani jioni anapata mistari mingi zaidi ya maandishi kwenye 1280 kwa 1024 kuliko kwenye 1366 kwa 768. Michezo mingi ya miaka ya 1990 ilichorwa kwa 4 kwa 3, na inakaa sawa hapo. Kama bei ni nusu na ordinateri ni ya zamani, huyo hajanunua takataka.

Palipo na tatizo kubwa zaidi ni kwenye maneno ya kibandiko. Televisheni iliyoandikwa HD inaweza kupokea picha ya 1080 wakati kioo chake kina pikseli 1366 kwa 768 tu. Muuzaji anayesema ni Full HD kwa sababu picha imetokea anamdanganya mteja, hata kama yeye mwenyewe hajui. Namba ya modeli nyuma ya ekra husema ukweli, na pia herufi ndogo: kwenye rezolusio ya kweli zinasomeka bila ukungu.

Nyuma hapo hapo kuna namba za umeme, wati au volti na ampea. Kwa anayetumia jenereta ama betri za jua, namba hizo zina uzito sawa na pikseli. Ekra nzito ya kioo inaweza kula umeme wa ekra bapa kadhaa, na faida ya siku ikaishia kwenye mafuta.

Wauzaji wa Birere, Kadutu na kwingineko wanapaswa kukubali jambo rahisi: ekra iwashwe mbele ya mnunuzi, ifungwe kwenye mashine, na idadi yake ya pikseli itajwe kabla ya bei. Na mnunuzi aje na mashine yake, au angalau na jina la mchezo anaotaka kucheza. Chumba cha mpira kichukue ekra pana. Ordinateri dhaifu ichukue pana ya pikseli chache, au ya mraba kama mfuko hauruhusu. Muuzaji anayekataa kuwasha, aachwe na ekra yake.