Kijana Anapovunjika Moyo na Fizikia

Wapo vijana waliomaliza kidato cha sita wakiwa na alama za juu katika fizikia, wakaagwa na jamaa kwa dua na bashasha, kisha walipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu wakaanza kujibu simu za nyumbani kwa mkato. "Masomo vipi, mwanangu?" "Mazuri, mama." Nyuma ya jibu hilo huenda yupo kijana ambaye hajafungua daftari wiki nzima, anayeiogopa "sapu", na ambaye moyoni ameshajihukumu kuwa hana akili ya somo lile.

Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Sekondari, swali la fizikia kwa kawaida humalizwa kwa kanuni moja au mbili na mistari michache. Chuoni mwanafunzi hutakiwa aijenge kanuni yenyewe, tena kwa hisabati ambayo pengine ameanza kufundishwa muhula uleule. Kisha huja fizikia ya kwanta, inayohusu chembe ndogo mno zisizofuata mazoea ya macho yetu. Kutoelewa kwa mara ya kwanza ni tabia ya somo, wala si kipimo cha akili. Na kwa kuwa kila mmoja huficha kutatizwa kwake, kila mmoja hudhani yuko peke yake.

Mwaka 1925, Wolfgang Pauli, mwanafizikia mzaliwa wa Vienna, alimwandikia mwenzake kuwa fizikia imevurugika na imemzidi, akatamani heri angekuwa mchekeshaji wa filamu. Miezi michache kabla yake alikuwa ametoa kanuni ambayo mwaka 1945 ilimpatia Tuzo ya Nobel. Hakuwa mjinga, alikuwa amefika mahali pagumu.

Karne nyingi kabla yake, Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965 na kufia Cairo, aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy. Humo alimtaka mtafuta ukweli azichunguze kauli za waliomtangulia, na ajishuku yeye mwenyewe pia anapochunguza. Shaka ya namna hiyo ina kazi. Huuliza: "Je, hatua hii ni sahihi?" Shaka inayomla kijana wetu huuliza: "Je, mimi nafaa?" Swali la kwanza hujibiwa kwenye karatasi. La pili halina karatasi ya kujibia, ndiyo maana humnyima usingizi.

Basi asingoje ari irudi ndipo asome. Achukue swali moja dogo, afunge kitabu, alifanye tangu mwanzo. Maana kusoma jibu la mwingine na kuliafiki si kulijua. Anapokwama, aandike ni hatua ipi, kisha aende nayo kwa mwalimu au kwa wenzake wawili watatu, badala ya kusema, "Sielewi kitu."

Nasi wazazi tuache kuuliza mbona mtoto wa fulani amefaulu. Akija likizo, mwombe akuoneshe jambo. Jiwe lililoning'inizwa kwa uzi wa mita 1 huenda na kurudi kwa sekunde 2 hivi. Ukitaka litumie sekunde 1, usikate uzi nusu, ubakishe robo. Muulize kwa nini. Akikueleza, atajisikia kwa masikio yake kuwa anajua.

Ikiwa halali, hali chakula na amejitenga na watu, jambo hilo limepita mipaka ya masomo: apelekwe kwa daktari au mshauri wa wanafunzi. Na akitaka kubadili fani baada ya kutulia na kushauriana, si aibu. Ila uamuzi huo usifanywe wiki ya matokeo.

Utakapompigia simu jioni ya leo, usianze na alama. Muulize ni swali gani lililomsumbua wiki hii, kisha umsikilize mpaka amalize.