Kibanda cha Samaki ni Darasa la Kiswahili

Ni desturi ya idara za Kiswahili kuwaelekeza wanafunzi maktabani wanapotafuta msamiati. Hilo ni jema. Hata hivyo, ipo hazina nyingine ambayo wasomi wengi huipita bila kuitambua, nayo ni kibanda cha makuti kando ya bahari, ambapo samaki waliovuliwa alfajiri huliwa kabla ya jua kutua.

Hebu itazamwe kazi ya mama karanga, kama wanavyoitwa katika pwani ya Kenya wanawake wanunuao samaki kwa wavuvi na kuwakaanga ili kuwauza. Samaki huparwa magamba, hutumbuliwa, hupasuliwa, kisha hutiwa chumvi na ndimu. Baada ya hapo hukaangwa, hubanikwa au hupikwa kwa tui la nazi. Asiyenunuliwa aghalabu hupasuliwa akaanikwa, akawa ng'onda. Kila kitenzi hapa kina kazi yake, wala hakuna kinachoshika nafasi ya kingine. Mnunuzi naye haombi samaki tu. Huuliza changu, tafi, pono, kolekole au nguru, na jina ndilo liamualo bei na mapishi.

Mwanafunzi atafutaye majina hayo kamusini mara nyingi hukutana na maelezo mafupi kwamba ni aina ya samaki wa baharini. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayamwezeshi kumtenga changu na pono. Mama karanga angemwonyesha kuwa pono ana mdomo mfano wa kasuku, na pengine angemwongezea kwamba tafi wa Mombasa ndiye tasi wa Unguja. Hilo ni somo la lahaja lisilohitaji ubao.

Isitoshe, msamiati wa kibandani hauishii sahanini. Mlaji akiuliza sababu ya uhaba wa samaki, hujibiwa kwa habari za upepo: wakati wa kusi, takriban Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo havithubutu kuvuka mwamba, wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari hutulia. Akiuliza habari za pweza, huelezwa juu ya bamvua, pale mwezi uandamapo au uwapo mpevu, maji yakapwa sana na miamba ikawa wazi. Neno pwani lenyewe latokana na kitenzi hicho cha kupwa.

Hazina hii imo hatarini, kwa kuwa fuo zinajengwa upya. Bustani ya Forodhani kisiwani Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009, na ufuo wa Mama Ngina mjini Mombasa ukazinduliwa baada ya ukarabati mwaka 2019. Je, ukarabati ni uovu? La hasha! Forodhani, wachuuzi wa samaki wangali wanauza kila jioni. Kosa ni kudhani kwamba kibanda ni uchafu unaostahili kufagiliwa. Watetezi wa usafi wana hoja ya haki, kwani samaki huharibika upesi. Lakini dawa yake ni maji safi, barafu na vyoo, wala si tingatinga. Kibanda kikibomolewa, mama karanga hupoteza riziki, na lugha hupoteza mwalimu. Katika mkahawa uchukuao nafasi yake, orodha ya vyakula huenda ikaandikwa kwa Kiingereza kitupu, na changu, tafi na pono wote wakawa "samaki" tu.

Wajibu basi ni wa vyama vya wanafunzi na wahadhiri wao. Likizo ndefu moja yatosha kuanza. Wanafunzi wachache waende kibandani na daftari, kinasasauti na kamera. Wanakili kila jina pamoja na picha ya samaki wake na jina lake la kisayansi. Waombe idhini, wamlipe mama karanga kwa muda wake, na wamtambue katika kazi yao kama mtaalamu, si kama mtoa habari asiye na jina.

Kamusi itakayosema zaidi ya "aina ya samaki" haiwezi kuandikwa ofisini peke yake. Sehemu yake moja sharti iandikwe moshini, karibu na karai la mafuta.