Kamera ya Mjomba: Ipime Kabla Haijakuumbua

Wiki hii swali limetoka Bukene, kule Nzega kwenye reli ya kwenda Mwanza. Mshikaji mmoja amerithi Zenit-E ya mjomba wake, chuma cha Mrusi, na dada yake anafanyiwa sendofu mwezi huu. Anauliza: eti, niende nayo?

Nenda nayo mwanangu, ila ipime kwanza. Dada akishaondoka kwenda kwa mumewe, huwezi kumwita arudi avae gauni upya kwa sababu picha zimeungua.

Ugonjwa wa mizee hii uko kwenye shata, yaani yale mapazia ya kitambaa yanayoruhusu mwanga kuingia. Juu ya kamera kuna namba 30, 60, 125, 250 na 500. Ukiweka 125, mwanga uingie kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde. Hiyo ni ahadi tu bwana! Grisi ikiganda na springi zikichoka, 125 inaweza kugeuka 60, mwanga ukaingia maradufu. Tena kwenye 500 pazia la nyuma linaweza kulikamata la mbele njiani. Hapo bibi harusi anatoka bomba, shangazi aliyesimama pembeni kamezwa na giza!

Sasa dili lenyewe. Tafuta simu inayorekodi video ya mwendo wa pole, picha 240 kwa sekunde. Hakikisha kamera haina filamu, fungua mlango wa nyuma, toa lenzi, kisha elekeza kamera dirishani. Simu irekodi kutokea nyuma. Vuta kwanza mkono wa kusogezea filamu, ndipo uchague namba. Zenit-E inataka hivyo. Fyatua. Halafu icheze video picha moja moja, uhesabu ngapi zina mwanga pale katikati. Kwenye 30 ziwe 8, kwenye 60 ziwe 4. Ukipata 16 kwenye 30, ujue shata imelala, hiyo ni 15. Rudia mara tano, maana mzee anaweza kupatia mara moja kwa bahati.

Kasi za juu simu haiziwezi. Nenda kwa jirani mwenye tivii ya chogo. Kioo chake huchorwa toka juu hadi chini mara 50 kwa sekunde. Chungulia kwa nyuma ya kamera, ufyatue: utaona mkanda wa mwanga uliokaa mshazari. Kimo chake kwenye 125 kiwe karibu mbili ya tano ya kioo, kwenye 250 moja ya tano, kwenye 500 moja ya kumi.

Ukikuta 125 yako ni 60, usilie. Funga tundu la lenzi hatua moja, toka 5.6 kwenda 8, kazi iendelee. Ila jua la mchana la Bukene kwa filamu ya 200 linataka 250 na tundu 16, kwa hiyo 250 usiiamini bila kuipima. Na 500 ikila pembeni, isahau kabisa siku hiyo.

Namba za kweli ziandike kwenye kikaratasi, ubandike chini ya kamera. Msalimie dada, mwambie tunasubiri picha. Tuonane wiki ijayo!