Ghorofa za Mwalimu wa Iguguno

Umezuka mchezo miongoni mwa wasomi wa miji ya Afrika Mashariki, nao ni mchezo wa kupimana urefu. Picha ya Dar es Salaam iliyopigwa kutoka Kigamboni jua likizama huwekwa kando ya picha ya Nairobi, na papo hapo mabishano huanza. Mkenya hutaja jumba la Britam lililokamilika mwaka 2017, lenye meta 200. Mtanzania humjibu kwa minara pacha ya PSPF, kila mmoja ghorofa 35, na akiona haitoshi huongeza makao ya Mamlaka ya Bandari yenye ghorofa 40. Mganda naye hakosi la kusema. Akitokea Mwethiopia, wote hunyamaza, maana Benki ya Biashara ya Ethiopia ilizindua mwaka 2022 jumba la meta 209. Na mwenye jamaa yake Toronto huwacheka wote kwa pamoja, kwani mnara wa CN wa mji ule una meta 553, na umesimama tangu 1976.

Ubaya wa mchezo huu si utoto wake. Watu wazima nao wana haki ya kucheza. Ubaya ni kwamba miji hupimwa kwa kamba moja tu, ya urefu, na katika kelele zote hizo hasikiki hata mmoja anayeuliza fedha zilitoka mfukoni mwa nani.

Jawabu halihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa limeandikwa juu ya kuta. Mnara wa PPF. Minara ya PSPF. Minara ya Milenia ya LAPF kule Kijitonyama. Herufi hizo zilikuwa majina ya mifuko ya pensheni, na sehemu kubwa ya sura ya Dar es Salaam angani, ile inayopigwa picha na kusifiwa, imejengwa kwa akiba za uzeeni. Benki zimejenga, wafanyabiashara wamejenga, lakini mjenzi mwenye kifua kipana kuliko wengi alikuwa mfanyakazi ambaye hakujua kuwa anajenga.

Mfanyakazi huyo yuko, kwa mfano, Iguguno. Ni mji mdogo wa Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega na Mwanza. Abiria wengi huupita wakiwa usingizini. Hauna ghorofa za kushindanishwa na za mtu. Mapaa yake ni ya mabati, na zamani katika nchi ile ya Wanyiramba nyumba ilikuwa tembe, paa lake la udongo limelala bapa, hata mtu mrefu akisimama kando alikuwa karibu kulipita kwa kichwa. Mbingu ya huko haikukatwa na kitu ila miti, miamba na nguzo za simu.

Mwalimu anayefundisha hapo hukatwa shilingi 5 katika kila shilingi 100 za mshahara wake, na mwajiri, yaani serikali, hutakiwa kuongeza 15. Hizo 15 nazo si sadaka. Ni ujira wake uliocheleweshwa kwa makusudi ili aukute uzeeni. Mfuko ukizigeuza saruji na vioo vya Mtaa wa Ohio, basi yeye ni mwenye nyumba katika Mtaa wa Ohio. Lakini ni mwenye nyumba wa ajabu: hakuitwa siku ya kuweka jiwe la msingi, hajui kodi ya chumba kimoja ni kiasi gani, wala hakupelekewa habari mwaka 2016, serikali ilipokata shauri kuhamia Dodoma na ofisi zake zikaanza kufungasha.

Watetezi wa minara watasema kwamba duniani kote ndivyo ifanywavyo, na watatoa ushahidi wa Kanada. Ushahidi huo ni wa kweli. Mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario uliinunua mwaka 2000 kampuni ya Cadillac Fairview, yenye majumba makubwa ya ofisi katikati ya Toronto. Kwa hiyo huko nako mwalimu anamiliki kipande cha anga. Ila wasiishie hapo; wasome na ukurasa unaofuata. Tangu 1990 mfuko ule umetengwa na hazina ya jimbo, na wadhamini wake ni wawili, serikali na shirikisho la walimu, wanaoteua bodi kwa pamoja na kubeba kwa pamoja upungufu ukitokea. Kwetu pia vyama vya wafanyakazi vina wawakilishi ndani ya bodi, hilo halikanushwi. Lakini mwakilishi asiyerudi Iguguno kusema alichokiona mezani amemwakilisha nani?

Insafu inataka jambo jingine lisemwe. Si minara peke yake iliyotoboa mfuko. PSPF ilipoanzishwa kwa sheria ya 1999, ilibebeshwa mafao ya watumishi kwa miaka ambayo hawakuwa wamechangia, na serikali ikaahidi kulifidia pengo hilo. Ahadi ikakaa. Deni likaota mizizi, hata mwaka 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na mwishoni mwa 2021 serikali ikautolea mfuko mpya hatifungani isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17. Maana yake, katika miaka ileile ambayo deni halikulipwa, kioo kilipandishwa juu ya kioo pale Posta. Huo si uwekezaji tu. Ni mtu mwenye jiko tupu aliyepaka rangi baraza.

Kilichofuata kila mstaafu anakijua kwa jina la kikokotoo. Wanachama wa PSPF na LAPF walizoea kupokea nusu ya mafao yao kwa mkupuo. Kanuni za 2018 zikaishusha nusu hiyo kuwa asilimia 25. Kelele zikapanda mpaka Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka huohuo. Julai 2022 ikaja asilimia 33, na mwaka 2024 ikapandishwa kuwa 40 kwa waliokuwa wakipata nusu. Tazama basi vipimo viwili vya kipindi kimoja: jumba lilikwenda juu, mkupuo ukaenda chini. Wapiga picha wamekipiga cha kwanza tu.

Wala visiwani tusijione tuko kando. ZSSF, iliyoasisiwa 1998, imejenga jumba la maduka Michenzani kwa akiba za watumishi wa hapa, na wengi hulipita bila kukumbuka kwamba ni lao. Hapohapo mjini, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lililokuwa kwa miongo mingi ndilo alama ya Unguja kwa aingiaye kwa bahari, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Mji uliopoteza alama yake kwa kutoitunza una sababu ya kuuliza, kabla ya kushangilia ghorofa mpya, nani ataitunza na kwa fedha ya nani.

Basi wanaopenda kushindanisha miji waendelee, lakini wabadili kamba. Kila jumba lililojengwa kwa akiba za wafanyakazi litolewe hesabu yake kila mwaka kwa Kiswahili cha ukurasa mmoja: liligharimu kiasi gani, vyumba vingapi vina wapangaji, kodi iliyoingia ni ngapi, na kiasi gani kilikwenda kwa wastaafu. Ukurasa huo usiishie kwenye mabaraza ya hoteli. Ufike kwenye ofisi ya walimu Iguguno, ubandikwe ukutani, mahali ambapo kalenda yenye picha ya minara huwa imeshatangulia kufika.